Mbege Yenye Moshi

Dada yangu Walburga hajawahi kufika Kilimanjaro. Hajafika hata Same. Mbali kabisa alikokwenda kaskazini ni Njombe, kwenye harusi ya binamu yetu, na huko alikaa analalamikia baridi mpaka wenyeji wakamchoka. Lakini Mchaga yeyote aliyefungua duka Songea hii, awe wa spea, awe wa vyombo, ukimuuliza mbege, ile pombe yao ya ndizi, inapatikana wapi atakuelekeza Mshangano, nyuma ya kanisa, kwa Walburga. Mngoni mtupu! Baba Mngoni, mama Mngoni, na Kichaga chake ni maneno ambayo huwezi kuyasema mbele ya padri.

Mimi ni mdogo wake, Severina. Tumefuatana. Watu husema mimi nina mdomo na yeye ana moyo, na sijui kama wananisifu au wananitukana. Nitawaeleza habari zake mimi, kwa sababu yeye ukimuuliza anasema "ni mapenzi ya Mungu" halafu anaendelea kuosha mitungi. Mapenzi ya Mungu! Mungu asisingiziwe, jamani.

Aliyemfundisha mbege ni mwanaume. Victor, Mchaga wa Rombo, alikuja Songea kijana, anamsaidia mjomba wake kuuza mitumba. Mjomba akarudi kwao, Victor akabaki na kimeza chake cha fundi redio pale Majengo. Mchana anatengeneza redio na simu, Jumamosi na Jumapili anaimba baa na bendi ya kina Hironimus. Usifikiri alikuwa msanii wa kutunga. Hakutunga wimbo hata mmoja maisha yake yote. Alikuwa anaimba nyimbo za watu, zile za dansi za zamani ambazo wenyewe wengi wameshakufa, na mjini walimwita Kopi. Hata mimi shemeji yake nilimwita Kopi. Hakukasirika.

Walifunga ndoa kanisani, sherehe ikapendeza, halafu mwezi wa kumi na mbili ukafika. Wachaga mnawajua Krismasi ikikaribia. Mji mzima unaona magari yanapakiwa, maduka yanafungwa, kila mtu anakwenda kwao. Victor hakuwa na uwezo wa kwenda. Akawa anakaa mlangoni, chakula anakigusagusa, ukimsemesha anaitikia jambo jingine. Dada akanijia analia. "Severina, huyu mwanaume ataondoka. Mwili uko hapa, yeye hayupo."

Nikamwambia aende zake, mwanaume hafungwi kamba. Nilikuwa sijaolewa, nilijua kila kitu.

Yeye akaamua kumpikia mbege. Ala! Mbege haijui, hajaiona, hajaionja. Alimkalisha Victor jikoni juu ya dumu, akamwambia, "Niambie mama yako anafanyaje." Victor akacheka kwa mara ya kwanza mwezi ule. Akaanza kumweleza: ndizi mbivu zichemshwe, ziachwe kwenye pipa zichache kwa siku kadhaa. Halafu ulezi uliooteshwa, ukasagwa, ukapikwa uji, ukachanganywa na maji ya zile ndizi. Na katikati ya yote, gome la msesewe, mti mchungu wa kwao, ambao ndio unaoipa mbege ukali wake. Bila msesewe, alisema, hiyo ni togwa ya watoto.

Sasa msesewe Songea utautoa wapi? Dada akachukua gome la mti wetu wa huku Matogoro, ule mchungu tunaochemsha mtu akiumwa tumbo. Na ulezi akaukaanga kwanza kidogo, kwa sababu mama yetu alikuwa anaukaanga hivyo, hajui kuupika vinginevyo. Ndizi za Mbinga. Ikatoka pombe nyeusi nyeusi, ina harufu ya moshi, chungu mpaka kwenye masikio. Mimi niliionja nikaitema uani.

Victor alikunywa kata nzima. Akafuta mdomo. Akasema, "Walburga, hii siyo mbege."

Dada macho yakamjaa.

"Sikiliza basi," akasema Victor. "Hii siyo mbege ya kwetu. Hii ni kopi. Kama mimi na nyimbo zangu. Ningetaka sauti ya yule mwimbaji wa Dar es Salaam ningewasha redio, si natengeneza redio? Watu wanakuja kunisikia mimi kwa sababu wimbo ukipita kwenye koo langu unatoka umekunywa maji ya hapa. Na hii mbege imekunywa maji ya hapa. Ina moshi wa Kingoni. Nipikie hii hii."

Nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu. Nikasema huyu mwanaume ni mwongo mzuri. Lakini aliinywa pombe ile kila wiki mpaka anakufa, na Krismasi ile hakukaa tena mlangoni. Tangu hapo alikwenda kwao mara moja tu, kumzika mama yake, akarudi kabla matanga hayajaisha.

Ulikuwepo wimbo mmoja, watu walikuwa hawamruhusu kushuka jukwaani bila kuuimba. Wimbo wa zamani, wa msafiri anayebisha hodi kwa mwanamke usiku. Wenyewe waliuimba hivi: nimechelewa njiani, usifunge mlango, nipe maji ninywe, kesho narudi kwetu. Haraka haraka, na tarumbeta. Victor aliupunguza mwendo. Hironimus akaupigia gitaa kwa mapigo yetu ya huku, yale ambayo mzee yeyote wa Kingoni akiyasikia bega linamcheza. Na pale mwisho Victor alibadilisha: nipe maji ninywe, kwetu ni hapa. Akifika hapo anamwonyesha kidole dada yangu, kule nyuma alikosimama na khanga yake. Baa inapiga kelele! Dada anajifunika uso. Kila Jumamosi vile vile, na kila Jumamosi anajifunika uso kama ameposwa leo.

Mtoto hawakujaliwa. Walizunguka hospitali, walizunguka kwa waganga, dada alifunga na kusali, hakuna. Victor hakumsimanga hata siku moja. Nawaambia ili mjue, alipokufa, dada hakuachiwa sura ya kuitazama. Hakuna pua ya Victor ndani ya ile nyumba. Hakuna anayecheka kama yeye.

Alikufa ghafla, juu ya kimeza chake, na bisibisi mkononi. Presha. Hironimus ndiye aliyemchukua mpaka hospitali, na ndiye aliyekuja kutuambia. Alisimama mlangoni ametoa kofia, na dada akaelewa. Sitasimulia kilio cha siku ile. Nilimshika mwenyewe, alitaka kujigonga ukutani.

Alipotulia, jambo la kwanza alilosema lilikuwa hili: "Watakuja kumchukua."

Wote tulijua. Mchaga anazikwa kwenye kihamba, shamba la ukoo, kwenye migomba ya babu yake. Afie Songea, afie Ulaya, anarudishwa. Simu ilikuwa imeshapigwa Rombo, na baba yake mkubwa, Mzee George, alikuwa njiani na watu wa ukoo, ndani ya gari aina ya Noa.

"Severina," akaniambia, "wakimchukua, nitabaki na nini? Niambie. Nitakuwa natembelea nini? Nitapeleka maua wapi?"

Nikaishia kumfunika khanga mabegani. Mimi na mdomo wangu wote.

Siku ile yote hakuomba kitu kingine. Hakuuliza habari za nyumba, hakuuliza vyombo vya redio vitakwenda wapi. Alitaka kaburi Mshangano, basi. Mahali pa kwenda akitoka kanisani.

Hapo ndipo alipopata wazo lake, na Mungu anisamehe, nilitamani kumzaba kofi. Pipa la ndizi lilikuwa limeshachacha tayari kwa wateja wa wiki. Akaingia stoo akatoka na mkebe wa maziwa ya unga. Ndani kulikuwa na msesewe wenyewe, gome la Kilimanjaro. Mteja mmoja alikuwa amemletea zawadi miaka ya nyuma akitoka Krismasi. Dada aliutia kwenye mbege mara moja, Victor akaonja, akaweka kata chini. "Usiweke hii tena," alimwambia. "Hii inaniumiza. Nipe ya kwetu yenye moshi." Na mkebe ukafungwa tangu siku hiyo.

"Dada," nikamwambia, "si Victor aliikataa hii?"

"Aliikataa yeye. Wageni hawajaikataa."

"Wape wageni pombe aliyokuwa anakunywa mtoto wao!"

"Ili waseme nini? Waseme Mngoni alikuwa anamnywesha mtoto wao masizi? Nataka wakinywa waone nilimtunza. Nataka wakinywa waone aibu kuninyang'anya." Akanitupia mchi. "Twanga."

Nikatwanga. Ulezi hakuukaanga safari ile. Alifanya kila kitu kama Victor alivyomweleza juu ya lile dumu, neno kwa neno, huku machozi yanamtiririka na kudondokea kwenye sufuria. Na ikatoka mbege. Nyeupe nyeupe, safi, chungu kwa adabu, haina moshi wowote. Mimi si Mchaga lakini hata mimi niliona kwamba hii ndiyo yenyewe.

Wageni walifika asubuhi ya siku ya pili yake, wamechoka, miguu imevimba. Nilitegemea watu wabaya. Nilikuwa nimeshapanga na matusi. Lakini Mzee George alishuka kwenye gari taratibu na fimbo yake, akaingia ndani alikokaa dada kwenye mkeka, akainama.

"Shikamoo baba," dada akasema.

"Marahaba, mwanangu. Pole. Pole sana. Umemtunza mtoto wetu."

Matusi yangu yakaishia kooni. Na zaidi ya hapo, kikao kilipoanza pale uani, yule mzee alisema maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nasimama nilipo. Alisema, "Sisi desturi yetu mnaijua. Lakini mimi nimezeeka, na nimeona mengi. Wapo watoto wetu waliohamia kweli. Mtu akiwa ameshakuwa wa mahali, ukimng'oa unamsumbua. Tumekuja kuangalia. Kama Victor alikuwa ameshakuwa mtu wa hapa, tutamzika hapa, tuchukue udongo wa kaburi tukauweke kihambani. Kama moyo wake ulikuwa nyumbani, tutaondoka naye."

Mnasikia? Alikuwa ameshafungua mlango! Nilikimbia ndani kumwambia dada. Akanishika mikono yote miwili, vidole vyake vya baridi. Kule makaburini vijana wetu, kwa matumaini tu, walikuwa wanachimba tangu alfajiri, tukawatumia ujumbe wasiache, waendelee.

Hironimus ndiye aliyesimama kwanza kusema. Si msemaji yule, ni mtu wa gitaa. Akasema, "Wazee, Victor alikuwa akiimba kila Jumamosi kwamba kwetu ni hapa. Mji mzima unajua." Akaeleza ule wimbo, jinsi alivyobadilisha mwisho.

Mzee George akatabasamu kwa huruma. "Baba, huo wimbo ni wake?"

"Hapana. Wa watu. Alikuwa anaukopi."

"Basi. Mtu akiimba maneno ya watu kwenye baa, tutajuaje kama ndiyo ya moyoni mwake? Siwezi kumzika mtoto wangu kwa wimbo wa watu."

Hironimus akakaa. Angefanya nini? Lakini bado hatukuwa na wasiwasi. Wazee wetu walikuwa na mengi ya kusema: jumuiya yake, shamba lake la mahindi njia ya Namtumbo, marafiki zake. Ila kabla hawajaanza, dada akaniita ndani akaninong'oneza, "Wape sasa. Wape wanywe."

Nikaipeleka. Nikapiga goti mbele ya Mzee George, nikampa kata.

Alikunywa. Akasimamisha kata mdomoni. Akanywa tena, taratibu, macho ameyafumba. Akaipitisha kwa wenzake, nao wakanywa, wakaanza kuzungumza Kichaga kwa sauti ya chini. Mmoja akawa anafuta machozi. Mimi nikafikiri tumeshinda! Nilipiga goti pale nafurahi kama mjinga.

"Nani amepika hii?" akauliza mzee.

"Mke wake," nikasema.

Akanyanyua sauti kuelekea mlangoni. "Mwanangu, umepika mwenyewe?"

"Nimepika mwenyewe, baba," dada akajibu kutoka ndani.

"Nani alikufundisha?"

"Victor."

Mzee akaishika fimbo kwa mikono miwili. "Hii ni mbege ya marehemu shemeji yangu," akasema. "Mama yake Victor. Nimeinywa miaka yote uani kwake, naijua. Wazee wenzangu wa Songea, nisikilizeni. Mwanaume haketi jikoni akamfundisha mke wake pombe ya kwao mpaka ikatoka hivi, kama hana hamu ya kwao. Kila wiki alikuwa anakunywa nyumbani. Huyu mtoto hakuhama. Alikuwa anatuita, na sisi hatukusikia."

Nikaruka juu. "Hapana! Hakuwa anakunywa hiyo! Hiyo imepikwa kwa ajili yenu! Yeye alikuwa anakunywa ya moshi!"

"Severina!" Mjomba wetu huyo. "Nenda jikoni! Wanaume wanaongea."

"Mjomba, siendi popote, wanakosea!"

"Mwacheni," akasema Mzee George kwa upole, na upole wake ndio ulionimaliza. "Ni uchungu. Ningekuwa yeye na mimi ningesema lolote."

Mwanamke mmoja akanivuta ndani. Dada alikuwa amekaa palepale kwenye mkeka, amefunga mdomo wake kwa upindo wa khanga, anaitafuna khanga. Nikamwambia toka uwaambie, wewe mwenyewe toka uwaambie. Akatikisa kichwa. Mjane hatoki mkekani kubishana na wakwe mbele ya maiti, na hata angetoka angesema nini? Kwamba hakumpikia mume wake mbege hiyo? Wangesema ameogopa, amegeuza maneno. Alikuwa ameshajibu, na alichojibu kilikuwa kweli tupu.

Walimchukua asubuhi iliyofuata. Misa ikasomwa, jeneza likapandishwa kwenye gari la kukodi, ndugu wakaingia kwenye Noa yao. Gari lilikuwa na nafasi ya dada, Mzee George alimwambia apande. Lakini miguu ilikuwa imemvimba na presha imepanda, nesi wa jirani akakataa katakata, akasema akipanda mtazika wawili. Aliagana na sanduku. Aliweka kiganja juu ya mbao akakiacha hapo mpaka dereva akawasha gari.

Kwenye kuondoka, mzee mmoja akaomba pombe ya njiani, na ya kumwagia kaburi wakifika. Ile mbege nyeupe walikuwa wameimaliza. Kilichokuwepo stoo ni dumu la wiki iliyopita, la wateja, mbege yetu nyeusi yenye moshi. Nikawapa hilo. Nilikuwa na hasira, sikueleza chochote. Nikasema moyoni, kakohoeni nayo huko.

Sasa kulikuwa na lile shimo. Kwetu wazee wanasema shimo la kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu, litaita mtu mwingine. Linazikwa shina la mgomba badala yake. Mchana wanaume wakaenda nyuma ya jiko la dada, wakauliza wakate upi. Akawaonyesha mmoja. "Huo alipanda yeye," akasema. Wakaukata, wakaufunga shuka jeupe, na tukaenda nao makaburini Mshangano, wanawake nyuma, dada nimemshika kwapani. Watu walikuwa wachache. Hakuna aliyejua kama inafaa kulia.

Walikuwa wanataka kuushusha ndipo simu yangu ikalia. Namba ya Mzee George.

"Mwanangu Severina," akasema, na nyuma yake nasikia gari. "Tumetoka Makambako, tulisimama kula. Tumefungua lile dumu. Hii ni nini mliyotupa?"

"Ni mbege."

"Siyo mbege hii. Ina moshi. Ina... sijui ina nini."

"Basi ndiyo hiyo," nikamwambia. Nilikuwa nimechoka, hata kupiga kelele sikuweza. "Ndiyo aliyokuwa anakunywa Victor. Tangu alipooa. Ile ya jana mke wake aliipika kwa ajili yenu, ili msimdharau. Victor aliikataa ile. Alisema inamuumiza."

Nikasikia anavuta pumzi, halafu sauti yake ikatoka imebadilika kabisa.

"Kwa nini hamkunipa hii jana?"

Mungu wangu! Nilikaa chini kwenye ule udongo mwekundu. Dada akaniuliza wamesemaje, na mimi siwezi kuficha kitu, uso wangu umeshasema kabla ya mdomo. Nikamwambia yote. Akasikiliza. Halafu akawanyooshea wanaume mkono, wale walioshika kamba. "Subirini. Msishushe."

Akachukua simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Geuzeni gari, baba. Shimo liko wazi. Hatujafukia. Mkigeuza sasa mtafika, sisi tutakaa hapa hapa tuwasubiri."

"Mwanangu." Nilikuwa nimesogeza sikio, nilisikia kila neno. "Maiti akishaelekezwa kwao hageuzwi njiani. Hata mimi sina uwezo huo. Kihamba kimeshasafishwa, watu wamekusanyika. Nikimgeuza, nimempoteza kote kuwili."

"Baba, ulisema kama ni mtu wa hapa utamwacha hapa."

"Nilisema."

"Kwa hiyo?"

Na hapo dada yangu, ambaye hajawahi kuimba mbele za watu, hata kanisani anachezesha midomo tu, akaanza kuimba ndani ya simu. Nimechelewa njiani. Sauti mbaya, imekauka kwa kulia, inakwaruza. Usifunge mlango. Aliuimba kwa mwendo wa Victor, ule wa polepole, na pale Victor alipokuwa anavuta pumzi na yeye akavuta. Hironimus alikuwa ameshika koleo. Akaliachia likaanguka, akaingia na sauti ya pili kama walivyokuwa wakiimba baa. Nipe maji ninywe. Hapo sauti ya dada ikakatika, akaanza tena mstari uleule tangu mwanzo ili aumalize vizuri. Nipe maji ninywe, kwetu ni hapa.

Kule kwenye simu mtu alikuwa analia, mtu mzima, analia kwa sauti. Na nyuma ya kilio chake ilisikika injini. Sote tuliokuwa karibu tuliisikiliza. Tulisubiri isimame. Dereva akabadilisha gia, injini ikavuta tena, walikuwa wanapanda mlima.

Dada alisikiliza mpaka mtandao ukakatika. Akaitazama simu, akanirudishia. Akajifunga khanga upya kiunoni, akasogea mpaka ukingoni mwa lile shimo na kuuangalia mgomba ndani ya shuka lake jeupe.

"Haya," akawaambia wanaume. "Mshusheni."